Viatu vya Mbio kwa Mguu Usiosikia

Kama leo umetoka hospitali na umetajiwa jina la ugonjwa huu, naomba ukae kwanza. Mimi sikukaa. Nilisimama nje ya chumba cha daktari nikiwa nimebana pakiti ya kwanza ya vidonge kwapani, nikaogopa hata kuegemea ukuta, kwa kuwa niliamini kila aliyekuwa pale ameshajua. Hakuna aliyejua. Mzee mmoja aliniuliza saa ngapi, nikamjibu vibaya.

Naitwa Somoe. Ninashona nguo Newala, na nimeumwa ukoma. Dawa nimemaliza. Sitakueleza ugonjwa unaingiaje mwilini, hayo wauguzi watakwambia vizuri kuliko mimi. Nataka kukueleza habari za duka la viatu lililoko Masasi, kwa sababu pale nilifanya kosa ambalo lilikula sehemu ya mguu wangu, na mtu yeyote mwenye mguu kama wangu anaweza kulifanya akiwa anacheka kwa furaha, kama nilivyofanya mimi.

Nilianza kuupoteza mguu wa kulia nikiwa kwenye cherehani. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nikifumua magauni ya mama akiwa shambani na kuyashona upya kabla hajarudi, kisha nikaongezea video za kwenye simu. Mtu aliyejifunza mwenyewe huwa hana amani. Hajui kama anachofanya ndicho au sicho, kwa hiyo anafanya mara mbili. Mshono ukipinda kidogo tu nafumua. Wateja walikuwa wanasema, "Somoe, acha, nani atauona huo?" Mimi nitauona.

Siku moja nilishona tangu asubuhi, nikainuka kwenda uani kuanika nguo. Niliporudi nikakuta ndala yangu ya kulia iko chini ya cherehani. Nilikuwa nimekwenda na kurudi na ndala moja, juu ya changarawe, na sikujua.

Baka nalo lilikuwepo muda mrefu, nyuma ya goti. Tulisema ni la korosho. Kwetu nani hana baka la korosho? Kwa bibi, kijijini Makote, tunakaanga korosho na maganda yake juu ya bati, mafuta yanaruka, yakikupata yanababua ngozi na kuacha alama. Mama anazo mkononi, kaka yangu Shaibu anayo shavuni. Langu lilionekana kama yao, ila lilikuwa jeupe zaidi, na halikuuma. Misimu miwili ya korosho ilipita tukishukuru Mungu kwamba haliumi.

Daktari alinifumbisha macho, akasema atanigusa kwa pamba na mimi niseme kila nikiguswa. Nikafumba. Nikangoja aanze. Nilikuwa nimejiandaa kujibu haraka na bila kukosea, kama mtihani. Nikangoja. Halafu akasema, "Fumbua." Kumbe alikuwa amemaliza.

*

Hiyo ilikuwa mvua za mwanzo wa mwaka. Tangu hapo mwaka wangu ukahesabiwa kwa pakiti, moja kila mwezi. Pakiti ya kwanza mkojo ukawa mwekundu, nikamwita mama chooni kwa kupiga kelele. Pakiti ya tatu ngozi ikaanza kuwa nyeusi, weusi wa dawa, uso ukawa kama chungu kilichokaa jikoni siku nyingi. Kwenye mikono ukang'aa. Wateja wangu waliokuwa wakiniita "mweupe" waliacha kuniita chochote. Mmoja akaja kuchukua kitambaa chake ambacho sijakikata, akasema amebadilisha mawazo, akakishika kwa ncha za vidole.

Kliniki yetu ni siku moja ya juma. Tunaitwa "wa ngozi." Sauti ikiita "wa ngozi njooni huku," benchi zima la wenye malaria na wajawazito linageuka kutazama nani atainuka. Nilikuwa nangoja mwingine ainuke kwanza. Sote tulikuwa tunangoja hivyo. Muuguzi wetu, mama mtu mzima tuliyemwita Sista, akawa anatucheka: "Haya, nani leo atanionea huruma? Au niwaite kwa majina ya baba zenu?"

Nyumbani, mama hakubadilika. Alilala nami kitanda kimoja kama zamani. Kaka Shaibu, ambaye nyumba ni yake, hakunifukuza. Alifanya mambo madogo madogo. Alisogeza cherehani kutoka sebuleni kwenda barazani, akasema ni kwa ajili ya hewa. Watoto wake wakaacha kuja kuniomba vipande vya vitambaa. Siku nikiuliza, mkewe ananijibu kwamba wana kazi za shule.

Ugomvi wa wazi ulikuja kwa sababu ya maji. Kidonda cha kwanza kilitokea chini ya wayo wakati wa pakiti ya nne. Sikujua nilikanyaga nini. Sista akaniagiza nipumzishe mguu, niuloweke kwenye maji safi kila jioni, nisugue ngozi ngumu, nipake mafuta. Anayeijua Newala anajua maana ya kuambiwa uloweke mguu. Tuko juu ya mlima, maji yako bondeni, bomba likikatika linakatika wiki.

"Mama," Shaibu akasema jioni moja, amesimama na dumu tupu. "Maji ya kunywa tunalowekea mguu?"

"Nitaloweka na mguu wako ukioza."

"Mimi siozi."

"Usiseme hivyo, Shaibu. Mwenzako naye alikuwa hajui."

Nilikuwa nimekaa pale pale, mguu ndani ya beseni. Nikautoa, nikasema nimemaliza. Mama akaushika kifundo akaurudisha majini. Sikusikia mkono wake. Niliuona tu.

*

Kidonda kilifunga mikorosho ilipotoa maua. Sista alikitazama akafurahi, kisha akakaza uso.

"Sasa sikiliza, Somoe. Ngozi hii mpya ni kama karatasi. Ndala basi. Tafuta raba zile za wakimbiaji, soli nene, laini ndani, zisizo na msumari. Masasi kuna mtu anauza hizo tu. Kidonda kikirudi hapa, kinaingia mfupani. Kikiingia mfupani daktari hatabembeleza."

"Anakata?"

"Anakata."

Mtu mwingine angekwenda kesho yake. Mimi nilijiandaa. Sijawahi kukimbia tangu shule ya msingi, na hata huko nilikuwa nashika nguo za wenzangu. Niliogopa kuingia kwenye duka la wakimbiaji nikaulizwa swali nikajulikana. Nikasoma kwenye simu jinsi wanaoanza wanavyoanza, umbali wao, wanavyopumua. Nikamwambia mama: ukiulizwa, sema nafanya mazoezi. Usitaje mguu.

"Kwa nini tusitaje? Si tunanunua kwa ajili ya mguu?"

"Mama, tafadhali."

Tukapanda gari la asubuhi, tukateremka mlima, tukafika Masasi jua halijakali. Duka lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Juu ya mlango pameandikwa kwa rangi nyekundu: VIATU VYA MBIO TU. NDALA HAKUNA. Mama akasoma kwa sauti, akatazama miguu yake.

"Basi mimi nibaki nje."

Nikamvuta khanga, tukaingia. Ndani raba za mtumba zimetundikwa mpaka darini, zimeoshwa, zimepangwa: za lami upande huu, za vumbi upande ule, na juu kabisa nyepesi za mashindano, kama ndege waliokaushwa. Mwenye duka anaitwa Kocha. Aliwahi kufundisha mbio shuleni. Ni mwembamba, mtu wa makamo, na filimbi bado ilikuwa shingoni. Kwenye benchi walikaa wanaume wawili wa klabu ya jogingi, mmoja mnene, mwingine akimfunga kamba.

"Shikamoo mama," Kocha akasema.

"Marahaba, baba. Hamjambo humu?"

"Hatujambo. Nani mkimbiaji?"

Mama akanionyesha kwa kidevu. Akawa amefanya nilivyomwomba, lakini hakunitazama.

"Karibu dada. Unakimbia mbio gani?"

"Ndiyo naanza. Kilomita tano tano."

Yule mnene akaguna. "Tano za kuanzia! Mimi mwaka wa pili huu, tano nazisikia kwa jirani."

"Wewe unakimbia mpaka kwenye supu," mwenzake akamwambia. "Ukishaona sufuria, mbio zimeisha."

Wakacheka, na mimi nikacheka, kicheko kirefu kuliko kinavyotakiwa. Kocha aliomba ndala zangu. Akazigeuza, akapitisha kidole chini yake.

"Huu wa kulia unauburuza. Uliumia?"

"Niliteguka zamani."

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, lakini uongo ulitoka laini kuliko ule niliouandaa. Nilikuwa nimevaa soksi ndefu kuficha rangi ya ngozi.

Akanivalisha jozi ya kwanza, za kijivu, akafunga kamba mwenyewe. "Kimbia mpaka mlango wa fundi saa, urudi."

Nikakimbia. Nilikimbia nikitazama mguu wangu wa kulia, kwa kuwa usipoutazama hujui uko wapi. Watu wa soko wakanipisha. Nikarudi nahema.

"Unasikiaje?"

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimesoma kila kitu isipokuwa swali hilo, na lile duka lote linaishi kwa swali hilo. Kushoto nilisikia kiatu laini, kilichonikaa. Kulia nilisikia kama mguu umeishia kwenye kifundo.

"Vizuri," nikasema.

"Vizuri vipi? Vidole vinacheza? Kisigino kinapanda?"

"Vizuri tu."

Jozi ya pili ilikuwa ya bluu, pana mbele. Nikakimbia, nikarudi.

"Unasikiaje?"

"Sawa."

"Dada, haya si maandazi, uonje useme matamu. Niambie mguu unasemaje."

Yule mnene akadakia, "Mwache bwana, mwenzio mgeni. Mimi nilipoanza nilisikia moyo tu."

Jozi ya tatu niliichagua mwenyewe. Zilikuwa zambarau, nyembamba, mshono wake umenyooka kama uliopigwa rula. Niliutazama mshono ule nikamheshimu mtu aliyeushona. Kocha alisema hizo ni za mguu mwembamba, lakini akanipa. Niliusukuma mguu ndani, nikavuta kamba, nikavuta tena.

Nikasikia kitu.

Sijui kama nitaweza kulieleza hili kwa mtu ambaye mguu wake mzima. Ilikuwa kama mtu amenishika kutoka mbali, kupitia blanketi. Upande wa kidole kidogo. Kitu kizito, butu, kinasema: niko hapa. Tangu mvua sikuwa nimesikia chochote pale. Nikasimama, nikakanyaga, kikasema tena. Nikaanza kulia mbele ya wanaume wale watatu.

"Unasikiaje?" Kocha akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nasikia," nikamwambia. "Hiki nakisikia."

Akachuchumaa, akabonyeza mbele ya raba kwa kidole gumba, akabonyeza pembeni. "Hapana. Hiki kinakubana. Vidole vimejaa mpaka mwisho. Chukua za bluu."

"Nataka hizi."

"Dada, kiatu cha mbio ukiona unakisikia, kinakuuma."

"Kocha anajua, mwanangu," mama akasema.

Nikamgeukia. "Mama. Nakisikia."

Nilimwona alivyoelewa. Uso wake ukafunguka. Alikuwa mtu pekee mle ndani aliyejua maana ya neno lile, na ningetegemea nani mwingine anikataze? Angeniambiaje niache kusikia? Akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasema duka lina vumbi.

"Hee!" mwenzake na yule mnene akasema. "Hawa wanalilia raba. Tukimaliza hapa tutasikia wamezitambikia."

Kocha alizifunga shingo upande. Alinishauri mara moja zaidi, mlangoni. Nikamwambia zitalegea.

*

Hazikulegea. Ilikuwa karibu na mahafali ya shule, kazi zimerudi kidogo, wateja wachache ambao hawakujali au hawakujua. Nilikaa kwenye cherehani kutwa nimevaa zile raba, na kila nikikanyaga nilisikia yule mtu wa mbali. Nilizipenda. Nilizivaa nikipika. Usiku nilikagua wayo kwa kioo kama Sista alivyonifundisha, kila siku, sikuruka hata moja, na wayo ulikuwa safi. Aliniambia nikague mguu wote. Mimi nilikagua pale palipokuwa na kidonda, kwa ukamilifu. Pembeni, kwenye kidole kidogo, niliona mstari mwekundu nikasema ni alama ya soksi.

Baada ya muda yule mtu wa mbali akanyamaza. Nikakaza kamba ili arudi.

Harufu aliisikia mke wa Shaibu kwanza. Alikuja barazani akasema kuna panya amefia kwenye vitambaa vyangu. Tukatoa vitambaa vyote, tukavikung'uta, tukafagia. Nilitafuta panya pamoja naye. Nilipovua raba jioni ile soksi haikutoka. Mama aliilowesha kwa maji, ikatoka na ngozi, na chini yake kidole kidogo kilikuwa cheusi, si weusi wa dawa, na palikuwa na tundu ambalo ndani yake niliona kitu cheupe.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Shaibu. Washa pikipiki."

Shaibu alisimama mlangoni. Tangu pakiti ya kwanza hakuwa amenigusa. Akautazama ule mguu, akatazama kando. Kisha akaja akaninyanyua kama gunia, akaniweka kwenye pikipiki, akaniambia nimshike kiunoni. "Shika vizuri," akasema. "Ukianguka mama ataniua."

Nililazwa. Wodini kitanda changu kiliwekwa mwisho, karibu na mlango wa choo, na mgonjwa wa jirani aliomba ahamishwe. Daktari alinieleza bila kuzungusha: kidole kidogo na jirani yake vinatoka. Tutasafisha mfupa. Kidonda kikisimama hapo, umepona. Kikipanda, tunarudi kukata kwenye kifundo. Na hata kikisimama, ngozi ya hapo ikipasuka tena tutaongea mengine.

Ulikuwa msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho. Kila aliyeingia wodini alinukia mabibo, na harufu ile tamu ikichanganyika na ya vidonda ilinitapisha. Walinikata kwa sindano ya ganzi kidogo sana. Daktari alisema mguu wenyewe umeshajitia ganzi. Alikusudia kunichekesha. Nilisikia sauti ya chombo kwenye mfupa, na maumivu hayakuja, nikalala pale nikiyangoja kama nilivyongoja ile pamba.

Nakiri mambo mawili ya wodini. La kwanza, nilimlaumu mama. Nilimwambia, "Ulikuwepo. Kwa nini hukusema?" Akasema, "Ulifurahi, Somoe." Sikuomba radhi siku ile. La pili, niliziulizia zile raba. Nilitaka kujua ziko wapi. Shaibu alikuwa ameshazichoma.

Huruma ndogo zilikuwepo, nizitaje. Sista alileta ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha yenye pilipili, akakaa kitandani kwangu, si kwenye kiti, akala nami katika sahani moja huku wodi nzima inatazama. Nilipotoka, nilikuta nyumbani madumu mawili ya maji yameandikwa kwa mkaa SOMOE. Shaibu alikuwa ameshuka bondeni mwenyewe. Sikumwambia asante kwa sauti, wala yeye hakungoja.

Kidonda kilichukua msimu wote wa korosho kufunga. Nilitembelea fimbo. Nilifundisha mguu wa kushoto kukanyaga cherehani peke yake, mishono ikapinda, nikafumua, ikapinda. Kuna siku nilikaa na gauni moja nikilia mpaka mteja mwenyewe akalichukua likiwa limepinda, akalivaa kanisani.

*

Pakiti ya mwisho niliimaliza mvua zimerudi. Sista alinipigia makofi, kisha akaniuliza, "Miguuni unavaa nini?" Nilikuwa nimevaa ndala zilizofungwa kwa vitambaa. Alinyoosha kidole tu kuelekea Masasi.

Sikutaka. Nilimwambia mama aende peke yake na kipande cha karatasi nilichochorea wayo. Akakataa. "Safari ile nilinyamaza," akasema. "Safari hii twende wote."

Dukani palikuwa na mteja mmoja, dada aliyevaa vizuri, anajaribu raba nyeupe. Kocha alinitambua kabla sijavuka kizingiti.

"Mkimbiaji wa zambarau! Zimelegea?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa na utangulizi mzuri, wenye shukrani na maelezo. Ukapotea. "Nina ukoma," nikasema. "Nilikuwa nao. Nimemaliza dawa. Mguu huu hausikii, na siku ile ulikuwa hausikii. Ulinikataza nikakudanganya. Wamenikata vidole viwili."

Yule dada akavua raba nyeupe, akazipanga vizuri sana mahali pake, akasema amekumbuka kitu, akatoka. Hakuchukua muda kufunga hata vifungo vya viatu vyake.

Kocha alimtazama akienda. Akashika filimbi yake. Nilifikiri atatuambia na sisi tutoke, na nilikuwa tayari, mguu mmoja ulikuwa umeshageuka.

"Inaambukiza?" akauliza.

"Haiambukizi tena."

"Nani kasema?"

"Hospitali."

"Hospitali, na mimi," mama akasema. Akasogea mpaka kwenye meza yake. "Mwaka mzima nimelala naye kitanda kimoja. Mguu huu nimeuosha kwa mikono hii, kidonda hiki nimekifunga kwa mikono hii. Itazame, baba. Ina nini?" Akaiweka mikono yote miwili juu ya meza, na mabaka yake ya korosho.

Kocha aliitazama mikono ile. Kisha akaenda kwenye kapu la soksi mpya, akachagua moja, akaivaa mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Kaa," akaniambia.

Nilihisi mama anavuta pumzi ya kusema. Nikamshika khanga. Mwache. Mtu akiogopa na bado anachuchumaa mbele yako, mwache na soksi yake.

"Leo sikuulizi unasikiaje," Kocha akasema, macho yako mguuni. "Utatembea, hutakimbia. Ukirudi, tunavua, tunaangalia ngozi. Ikiwa nyekundu popote, tunabadilisha."

Alinipa pana, kubwa kuliko namba yangu, akajaza sponji pale vidole vilipokuwa. Nikatembea mpaka kwa fundi saa, nikarudi. Tukavua. Wekundu juu ya kidole gumba. Akatoa nyingine. Wekundu kwenye kisigino. Mama akaona kabla yetu, akaanza kuwa na sauti, "Hizo hapana, lete zile za juu." Nyingine. Tuliinamia ule mguu watatu, vichwa vinakaribia kugongana, kama watu wanaotafuta sindano iliyoanguka. Hakuna aliyeniuliza chochote. Mimi ndiye niliyekuwa sijui zaidi kuliko wote mle ndani kuhusu mguu wangu, na kwa mara ya kwanza sikujisikia mjinga.

Nje mvua ilianza na kukoma. Jozi iliyofuata ilikuwa nyeusi, mbaya, kama viatu vya mzee. Soli nene kama kipande cha godoro. Nilitembea, sikusikia kitu. Hata yule mtu wa mbali hakuwepo. Nikarudi nikakaa. Kocha akavua, akauinua mguu kwenye mwanga wa mlango, akaugeuza.

"Hakuna," mama akasema.

"Ngoja kidogo. Wekundu huwa unachelewa."

Tukangoja. Akaingiza mkono ndani ya kiatu kutafuta kama kuna mshono uliosimama, akapapasa mpaka mwisho, hakuukuta. Kisha akarudi kwenye mguu, akapitisha kidole gumba polepole pembeni, pale kwenye ngozi mpya, pale ambapo pakipasuka wanakata kifundo. Akabonyeza. Akatazama rangi inavyorudi.

"Pako salama," akasema.

Soksi ilikuwa imebaki kwenye benchi. Alikuwa ameivua ili apapase vizuri ndani ya kiatu, akasahau kuivaa tena. Mkono wake ulikuwa mtupu, umeushika mguu wangu.

Sikumkumbusha.